Tawi la Wodi ya Njiti

Asubuhi aliyofuta matawi mia nne na kumi na tisa, Mfamasia alikuwa amelala usingizi wa kutosha, amekunywa chai yake bila haraka, na moyo wake ulikuwa umetulia tuli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Hakukurupuka wala hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa anafanya usafi.

Walimwita Mfamasia ingawa ulikuwa unakwenda mwaka wa sita tangu avue koti jeupe. Miaka saba alisimama kwenye dirisha la dawa la hospitali kubwa, upande wa watu wazima, akihesabu vidonge na kufumbua miandiko ya madaktari. Siku hizi aliandika programu za kompyuta. Alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la fundi saa, chenye meza, kabati la chuma, na dirisha ambalo usipolitegea kipande cha karatasi lilipigapiga kutwa nzima. Kazi za kumpa riziki alizifanya mchana. Saa mbili za kwanza za kila asubuhi alizitoa bure kwa Kipimo.

Kipimo ilikuwa programu ya kukokotoa dawa hospitalini. Muuguzi anaingiza uzito wa mgonjwa na jina la dawa, nayo inamwambia avute kiasi gani kwenye bomba la sindano. Ilikuwa programu huria: haina mwenyewe, inaandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, na hospitali yoyote inaweza kuichukua na kuitumia bila kumpigia mtu magoti. Msimbo wake, yaani maandishi ya amri zake, ulikaa mtandaoni kwenye maghala kumi na mawili. Kila ghala lilikuwa na shina, yaani toleo linaloaminika, na kutoka kwenye shina watu walichipuza matawi. Mtu akitaka kujaribu jambo, anachukua nakala ya shina, anaipa jina, anahangaika nayo pembeni bila kuwaharibia wenzake. Jambo likifaa, tawi linaunganishwa na shina. Lisipofaa, linafutwa.

Shida ni kwamba kila mtu alipenda kuchipuza na hakuna aliyependa kufuta. Kulikuwa na matawi ya miaka sita nyuma, mengine ya watu waliokwisha kuacha mradi, mengine yenye majina kama "jaribio-la-mwisho-kabisa-3". Mgeni akiingia anapotea kama aliyeingia soko asilolijua. Kwa hiyo Mfamasia alijitwika kazi. Alitangaza kwenye ukumbi wa mradi mtandaoni, ambako watu kama mia nne walisoma, kwamba tawi lolote ambalo halijaguswa kwa miaka miwili litafutwa baada ya siku thelathini, na mwenye pingamizi aseme. Watu wanane walisema, naye akayaacha matawi yao. Siku ya thelathini na moja, saa tatu na nusu asubuhi, akaiamuru skripti yake, orodha ya amri inayojiendesha, ianze. Ilipita ghala moja baada ya jingine, ikafuta kwenye seva, ikafagia na nakala zilizokuwa kwenye laptopu yake mpaka vumbi la mwisho. Dakika kumi na moja, kazi kwisha. Akanawa kikombe.

Saa nne na dakika ishirini simu yake iliita. Namba ngeni.

"Naongea na Mfamasia wa Kipimo?" Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya chini, isiyo na papara. "Mimi ni sista mkuu wa wodi ya watoto njiti. Namba yako nimeikuta kwenye ukurasa wenu. Nina kompyuta nne humu wodini. Tatu zimekufa robo saa iliyopita."

"Zimekufa vipi, sista?"

"Saa nne ni wakati wa usafi. Tunazizima, tunazifuta, tunaziwasha. Leo zimewaka, zikaandika 'tawi halipatikani', basi. Skrini nyeupe."

Mfamasia akavuta kiti. Aliuliza, ingawa alikuwa ameanza kujua: "Inataja tawi gani?"

Akasikia miguu ikitembea, kiti kikisogezwa. "Inasema 'desimali-mbili'."

Alilijua. Alilijua kuliko alivyotaka.

Miaka miwili na miezi mitatu iliyopita, tawi hilo lililetwa ukumbini na fundi mmoja mkaidi, mume wa dada yake wa toka nitoke. Shemeji huyo alitaka Kipimo ikomee kwenye desimali mbili za mililita badala ya moja. Mfamasia alilikataa. Aliandika mbele ya watu wote kwamba mwenye kuleta hoja hiyo hajawahi kushika bomba la sindano maishani mwake, maana bomba la kawaida halina mistari ya kupima hivyo, na kwamba mradi hauna muda wa kufurahisha watu wanaopenda nukta. Watu walicheka. Toka siku hiyo wakambatiza Nukta. Yeye hakujibu. Alifunga mlango wa mradi akaondoka, na tangu hapo, kila familia ilipokutana, shemeji hao wawili walipitishiana chumvi mezani bila kutazamana machoni.

"Sista," Mfamasia alisema, "mnalitumia tawi hilo moja kwa moja? Siyo toleo la kawaida?"

"Sisi tunatumia tulichofungiwa na yule fundi. Alikuja mwenyewe, akaziunganisha hizi kompyuta ili kila zikiwaka zichukue huko huko. Kuna tatizo?"

"Nimelifuta mimi. Leo asubuhi. Nilidhani halina mtu."

Sista mkuu hakupiga kelele. Nyuma yake mashine fulani ikawa inalia kwa kipimo, polepole. "Lina watoto kumi na wanane," alisema.

Mfamasia alikwisha kuvuta laptopu. "Nisikilize. Naweza kuwaelekeza sasa hivi mhamie kwenye shina, ndilo toleo rasmi. Ni dakika tano tu, mtakuwa mmerudi kazini."

"Hilo hapana."

"Lina msimbo ule ule, sista, tofauti ni..."

"Tofauti naijua. Tulianza na hilo lenu rasmi. Nina mtoto humu ana gramu mia saba na arobaini. Dawa yake moja ni sifuri nukta sifuri sita ya mililita. Lile la kwenu likishaizungusha kwenye desimali moja, linaandika sifuri nukta moja. Hiyo ni karibu mara mbili. Miaka miwili iliyopita lilituandikia hivyo, na muuguzi wangu alikuwa ameshavuta dawa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamshika mkono."

Mfamasia alitaka kusema kwamba bomba halipimi sifuri nukta sifuri sita. 

"Mnatumia mabomba gani?" aliuliza.

"Ya mililita moja. Yana mistari mia. Wewe uliyafikiria yapi?"

Aliyafikiria yale ya dirisha la watu wazima. Miaka saba hakuwahi kushika jingine.

"Sasa hivi tunakokotoa kwa mkono," sista aliendelea. "Wauguzi wawili, kila mmoja kivyake, halafu wanalinganisha. Tunaweza, ila ni polepole, na dawa za saa sita ni nyingi. Kompyuta ya nne bado inafanya kazi, haikuzimwa kwa sababu ilikuwa katikati ya kuchapa karatasi. Lakini mafundi umeme wanabadilisha swichi kubwa ya jengo letu leo. Saa sita kamili wanakata umeme; mashine za watoto zitabaki kwenye jenereta, kompyuta hazimo. Na betri yake ya akiba imezeeka, haikai dakika nne."

"Hawawezi kuahirisha?"

"Wamepanga na chumba cha upasuaji, wamepanga na maabara. Nimeshaomba."

Walikubaliana kwamba hakuna mtu wa kuigusa kompyuta ya nne. Sista aliandika karatasi na kuibandika kwenye skrini, Mfamasia akasikia utepe wa gundi ukichanika.

Kurudisha tawi lililofutwa si muujiza. Seva inakuwa bado imelimeza, haijalisaga. Ukiwa na namba yake ya utambulisho, herufi na tarakimu arobaini, unalitaja nalo linarudi. Mfamasia alijua hilo, na ndiyo maana skripti yake iliandika kumbukumbu ya kila namba kabla ya kufuta. Akaifungua kumbukumbu. Ndani mlikuwa na mistari sita. Matawi mia nne na kumi na tisa, mistari sita.

Aliisoma skripti upya. Mahali pa kuweka alama mbili za mshale aliweka moja. Kwa alama mbili, kila ghala lingeongeza mistari yake chini ya ya mwenzake. Kwa alama moja, kila ghala lilifuta ya mwenzake na kuandika juu yake. Kilichobaki ni ghala la mwisho, lile la picha na nembo.

Aliwaandikia wenye seva. Wakajibu kwa adabu kwamba ombi litashughulikiwa ndani ya siku mbili za kazi. Aliuliza ukumbini nani ana nakala ya zamani. Watatu waliokuwapo walikuwa wageni, wana shina tu. Saa tano kasoro kumi ikamkuta ameshika tama, na jina moja tu limebaki kichwani.

Alimpigia Nukta mara nne. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia dada yake.

"Hapokei," alisema Mfamasia.

"Namba yako hapokei, na sababu unaijua," dada alijibu. "Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima, dada. Nimeharibu kitu cha kazi. Kuna watoto wachanga hospitalini. Namtaka shemeji sasa hivi, anitukane akitaka, lakini anisikilize."

Dada hakuuliza zaidi. Kwa mambo ya watoto alikuwa mtu wa vitendo. "Yuko kiwandani, zamu ya asubuhi. Simu huiacha kabatini. Nenda mwenyewe. Na wewe mdogo wangu, ukifika usianze na maelezo. Anza na pole."

Mfamasia alibeba laptopu kifuani kama mtoto, akashuka ngazi, akakodi pikipiki. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa nyuma ya barabara ya maghala ya mbao, jengo refu la mabati ambalo ulilisikia kabla hujaliona. Ndani, mashine tatu kubwa zilikuwa zinatema kurasa za vitabu vya shule, na hewa ilinuka wino na mafuta ya taa. Mlinzi alimwonyesha kwa kidevu. Nukta alikuwa amelala chali chini ya mashine ya nne, iliyozimwa, miguu nje.

Aliinama. "Shemeji."

Miguu ilitulia. Kisha mtu akatoka polepole, akavua vizibo vya masikio, akamtazama. Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

"Pole," alisema Mfamasia, na sauti yake ikazamishwa na mashine. Akarudia kwa nguvu: "Nimekuja kukuomba msamaha na msaada. Nimefuta 'desimali-mbili' na wodi ya njiti imesimama."

Nukta alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Akaelekea kwenye kiofisi cha vioo pembeni, Mfamasia akamfuata. Mlango ulipofungwa kelele zikapungua nusu.

"Saa ngapi imesimama?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka miwili.

Mfamasia alimweleza yote, hata ile alama moja. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini na mbili.

"Nakala yangu sina," Nukta alisema. "Nilifuta siku ile ile uliyoandika. Sikutaka kuiona."

Mfamasia alikaa kwenye boksi la karatasi bila kukaribishwa.

"Lakini ile kompyuta ya nne ina kila kitu tumboni," aliendelea. "Ikizimwa ndiyo basi, maana nilivyoipanga, ikiwaka inafuta folda ya zamani kwanza ndipo inachukua mpya. Ila kwa sasa folda ipo. Na wewe huhitaji folda. Unahitaji namba tu."

"Arobaini."

"Arobaini. Mpigie."

Sista mkuu alipokea kabla mlio wa pili. Mfamasia aliweka simu mezani, sauti nje, akafungua laptopu na kalamu. Nukta aliinamia simu.

"Sista, ni mimi fundi."

"Fundi wangu. Umepotea."

"Nimepotea, mama. Umekaa mbele ya ile inayofanya kazi?"

"Nimekaa. Na mafundi umeme wako koridoni na ngazi yao. Wanasema wamemaliza upande ule mapema."

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na moja. Nukta na Mfamasia walitazamana, kwa mara ya kwanza, kisha kila mmoja akaangalia pengine.

"Waambie wakupe dakika kumi," alisema Nukta. "Sasa, programu imejaza skrini yote, sivyo? Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja nitakavyokutajia. Kitatokea kisanduku cheusi kinachotaka nenosiri. Ukikosea mara tatu kompyuta inajiwasha upya. Kwa hiyo taratibu."

Alivitaja. Wakasikia vitufe. "Kimetokea," alisema sista. "Nenosiri gani?"

Nukta aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Mfamasia alidhani amesahau. Kumbe alikuwa anamwangalia yeye, na masikio yamemwiva kwa aibu.

"Shemeji, sema," alimwambia.

"Andika: hawasikii," alisema Nukta, akitazama sakafu. "Herufi ndogo zote."

Hakuna aliyecheka. Sista aliandika, taratibu, akinong'ona. "Inakataa."

"Mwishoni i mbili, mama. Ha-wa-si-ki-i."

"Niliweka moja." Vitufe tena, kimoja kimoja kama mtu anayehesabu matone. "Imefunguka. Nyeusi, kuna mstari mdogo unapepesa."

Nukta alimtajia amri herufi kwa herufi. Sista aliuliza kama nafasi ndicho kile kitufe kirefu cha chini, akaambiwa ndicho. Kwa mbali sauti ya mwanamume ilikuwa inasema kwamba wao wana ratiba. Sista alimjibu bila kupandisha sauti: "Kijana, ukigusa hiyo swichi kabla sijakwambia, utakuja wewe kukokotoa dawa za hawa watoto." Hatua zikarudi nyuma.

"Limetoka fungu moja refu," alisema sista. "Herufi na tarakimu."

"Lisome," alisema Mfamasia. "Polepole. Herufi uzitaje kwa maneno."

"Nne. F ya fimbo. Sifuri. C ya chai. Tisa. A ya asali..."

Mfamasia aliandika. Kwa haraka tisa yake ya pili ikafanana na saba, akaikata akaiandika upya. Katikati ya fungu wakasikia mlio mkali wa ghafla, halafu kengele ndogo ikaanza kulia mfululizo upande wa pili.

"Wamekata?" Nukta aliuliza.

"Si hawa. Kuna mwenzao chini, hakupata habari." Sauti ya sista haikubadilika, ila alianza kusoma kwa kasi zaidi. "Betri imeshika. Naendelea. E ya elimu. Mbili. Nane. D ya dawa..."

Kengele ya betri ikawa inalia karibu karibu. Mfamasia aliandika bila kuinua kichwa. Mara sista akasema, "Sita. B ya bata. Mwisho," na kabla hajapumua akaongeza, "Imezima."

Nukta alivuta karatasi, akahesabu kwa kidole chenye mafuta. Alihesabu tena. Akaisukuma mezani.

"Thelathini na tisa."

Mfamasia alihesabu mwenyewe. Thelathini na tisa. Moja ilikuwa imemponyoka, na hakujua ni ipi wala ni wapi, na kompyuta pekee iliyokuwa nayo imeshakuwa giza, na ikiwaka itajifuta. Aliweka viganja usoni. 

"Sista," alisema, "moja imenipita. Nimekupotezea."

"Uko namba ngapi?"

"Sijui. Nimeandika thelathini na tisa."

"Basi tulinganishe," alisema sista. "Mimi nimeandika pia."

"Umeandika?"

"Nyuma ya karatasi ya dawa. Humu wodini hakisomwi kitu kwa mdomo bila kuandikwa, na anayepokea anamrudishia anayesoma alichokisikia. Wewe hukunirudishia, nikasema labda kwenu ndivyo mnavyofanya kazi. Haya, nisomee ya kwako, mimi nafuata kwa kalamu."

Alisoma. Kumi za kwanza, sawa. Kumi za pili, sawa. Alipofika ya ishirini na tisa, sista akamkatiza: "Hapo. Saba, saba. Ni mbili zimefuatana. Wewe umesema moja."

Mfamasia aliingiza saba ya pili, akairudisha yote mara moja zaidi, akaiandika kwenye laptopu, na Nukta akaisoma kwenye skrini kwa sauti wakati sista anafuata. Ndipo akabonyeza. Gurudumu dogo lilizunguka, likazunguka. Kisha kwenye orodha ya ghala, chini ya shina, likatokea jina: desimali-mbili.

Nukta alilitazama. Akasema tu, "Lipo."

Umeme wa wodi ulirudi saa saba kasoro robo. Kwa muda huo dawa za saa sita zilitolewa kwa mkono, wauguzi wawili wawili, na kila mtoto alipata chake, wengine kwa kuchelewa kidogo. Kompyuta nne ziliwaka. Nukta hakuruhusu zitumike mpaka sista aingize uzito wa watoto kumi wa mfano ambao majibu yao alikuwa nayo kwenye daftari lake la wodini tangu siku ya kwanza. Sista aliingiza mmoja mmoja, akisoma majibu kwenye simu, naye Mfamasia safari hii alimrudishia kila tarakimu. Yote yalikubaliana.

Simu ilipokatwa, kelele za mashine zikarudi masikioni. Mfamasia alisema, "Nilikosea, shemeji. Si leo. Siku ile."

Nukta alikuwa anaokota vizibo vyake vya masikio. "Siku ile hukuniambia mimi kwamba nimekosea," alisema. "Uliwaambia watu mia nne." Akatoka, akarudi chini ya mashine yake.

Jioni ile ile Mfamasia aliwaambia watu mia nne. Aliandika na kufuta mara nyingi kabla hajapata maneno yasiyojitetea. Alieleza alama moja iliyokosekana. Alieleza bomba la mililita moja, lenye mistari mia, ambalo hakulijua na hakuuliza. Alisema wodi moja iliwahi kukaribia kumpa mtoto dawa karibu mara mbili ya kipimo chake kwa sababu ya shina analolisimamia yeye, na kwamba aliyeliona hilo mapema alichekwa, na yeye Mfamasia ndiye aliyeanzisha kicheko. Wengine walimjibu kwa upole. Wawili walimtaka ajiuzulu. Mmoja aliuliza ni hospitali ngapi nyingine zinatumia shina kwa watoto wadogo, na hilo ndilo swali lililomkosesha raha wiki nzima, maana programu ya bure haina orodha ya wanaoichukua. Waliandika tahadhari kila mahali walipoweza. Majibu yalitoka sehemu tatu, moja ikisema tu, "Tulikuwa tumeshagundua, tunaandika desimali kwa kalamu."

Desimali mbili ziliingia kwenye shina baada ya siku tisa za kukaguliwa. Nukta hakurudi kwenye mradi. Alipoulizwa kama jina lake liwekwe kwenye orodha ya waandishi wa Kipimo, alimwambia dada, dada akamwambia Mfamasia, kwamba liwekwe jina lake kamili, siyo la utani.

Mwezi uliofuata walikwenda hospitali pamoja, kuzihamisha kompyuta kutoka kwenye tawi na kuziweka kwenye toleo rasmi. Dada ndiye aliyewapangia safari, akakaa mbele na dereva ili wao wakae nyuma. Walizungumzia hali ya hewa na goti la mama. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa mazungumzo.

Wodi ilikuwa ndogo kuliko Mfamasia alivyoiwaza, yenye joto, taa zimepunguzwa. Sista mkuu alikuwa mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpa gauni la kuvaa juu ya nguo, akamwelekeza kunawa hadi viwikoni, kisha akamwambia asimame nyuma ya muuguzi na asiguse kitu. Mfamasia alisimama hapo asubuhi nzima na daftari lake. Aliona mtoto akipimwa, uzito ukisomwa na kurudishiwa, bomba jembamba kama kalamu likiinuliwa kwenye mwanga na kutazamwa na macho mawili, kisha mawili mengine. Aliandika kurasa kumi na moja. Aliuliza maswali mengi mpaka sista akamwambia apumzike, wauguzi nao wana kazi.

Alipotoka koridoni alimkuta Nukta amechuchumaa mbele ya kompyuta ya nne, akibadilisha ile amri ya kuwasha. Alikuwa anaipanga ichukue mpya kwanza, iikague, ndipo iitupe ya zamani.

"Kosa hili lilikuwa langu," alisema bila kugeuka. "Ningeipanga hivi tangu mwanzo, siku ile wasingepoteza hata dakika moja. Niandikie na hilo ukumbini."

"Nitaandika," alisema Mfamasia. Akachuchumaa karibu yake, akamshikia tochi.